Mguu wa Baada

"Punguza usaha hapo pembeni," alisema Zabron, akigusa kioo cha kompyuta kwa kidole chenye pete. "Lakini usiuondoe wote. Huu ni upande wa kabla. Mtu akiuona lazima ashike mdomo."

Tuntufye alikuwa ameshika wake tangu asubuhi. Mguu ulijaa kioo kizima, kuanzia chini ya goti hadi vidoleni, na juu kidogo ya kifundo kulikuwa na kidonda kipana kama kiganja cha mtu mzima. Kingo zake zilikuwa zimevimba na kuwa nyeusi. Katikati kulikuwa na unjano mzito, na chini ya unjano wekundu uliolowa. Aliyepiga picha alisogeza simu karibu mno, kama mtu anayepiga picha ya chakula ili awaonyeshe marafiki. Nzi wawili walikuwa wametua pale pale penye unyevu, na kwa ukubwa ule miguu yao ilionekana.

"Na nzi?" aliuliza Tuntufye.

"Nzi waache. Nzi wanasaidia."

Alikuwa binti wa mwaka wa tatu, anasomea midia ya kidijitali na usanifu katika chuo kikuu kilicho mbali na kwao. Nyumbani Iyula walishindwa kulizoea jina hilo refu, wakabaki kusema anasomea kompyuta. Chuoni walimfundisha kwamba rangi zina hasira na utulivu wake, kwamba nafasi tupu nayo husema, kwamba msanifu mzuri ni yule ambaye mkono wake hauonekani. Hakuna aliyemfundisha habari za nzi.

Kwa mafunzo ya vitendo alikuwa amepata nafasi kwenye stesheneri ya Shaban, mjini Tunduma, karibu kabisa na foleni ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia. Hakupenda chochote cha mahali pale. Hakupenda moshi wa dizeli ulioganda kwenye kuta, wala mafuta ya chipsi yaliyorudiwa mpaka yakawa meusi, wala chupa za maji ambazo madereva walijazia haja zao na kuzitupa mtaroni zikiwa zimefungwa vizuri. Kazi zenyewe hazikuwa na nafuu. Alitengeneza mabango ya wachungaji wenye meno meupe kuliko karatasi. Aliwavisha marehemu suti ambazo hawakuwahi kuzivaa wakiwa hai. Mteja mmoja wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, mwanamke mcheshi aliyeingia akisalimu kwa Kibemba "Mulishani, ba Shaban!" kila asubuhi, alitaka picha ya duka lake iongezwe ghorofa mbili za juu, na akaongezewa.

Hayo yote aliyavumilia. Huu mguu ulikuwa mwingine.

"Huyu mgonjwa amepona?" aliuliza.

"Anaendelea kupona."

"Basi nipe picha yake ya baada."

Zabron alicheka. Alikuwa mwanamume nadhifu, shati limepigwa pasi mpaka mikono ina makali, na watu sokoni walimwita Mtaalamu bila mtu yeyote kukumbuka aliyeanza. Dawa yake ilikuwa maji ya kahawia kwenye chupa zilizowahi kuwa za juisi. Aliiita Mwisho wa Donda. "Mdogo wangu," alisema, "picha ya baada ndiyo niliyoijia kwako."

Tuntufye alimgeukia Shaban, aliyekuwa kwenye mashine ya kutoa nakala akihangaika na karatasi iliyokwama. Shaban alikuwa mtu wa Tanga, alikuja Tunduma na mitumba akabaki na stesheneri, na hakuwa mtu mbaya, jambo lililomkera Tuntufye zaidi kwa sababu mtu mbaya angemchukia akamaliza.

"Kaka Shaban, hii ni kudanganya wagonjwa."

"Mteja akitaka ng'ombe mwenye mabawa, mchoree mabawa," alisema Shaban bila kuinua kichwa. "Sisi tunachapisha, Tuntu. Sisi siyo polisi. Na mwalimu wako anakuja wiki ijayo kuona kazi zako. Utamwonyesha nini, suti za marehemu?"

Tuntufye akakaa. Akafanya.

Tena alifanya vizuri, hapo ndipo penye uchafu wenyewe. Kwa saa ya kwanza alifanya huku amekunja uso. Baadaye uso ulikunjuka wenyewe. Alichukua ngozi safi kutoka sehemu ya juu ya mguu ule ule, akaikata vipande vidogo, akaipandikiza juu ya kidonda kipande kwa kipande, akifuata jinsi vinyweleo vilivyolala. Aliacha kovu hafifu, kwa kuwa ngozi isiyo na kovu haiaminiki. Akashusha weusi wa kifundo taratibu, akaongeza mng'ao kidogo kwenye mfupa wa mbele, pale ambapo mtu aliyepaka mafuta hung'aa. Alipofika kwenye vidole, aliona kidole cha mwisho kimepanda juu ya mwenzake, kama mtoto anayetaka kubebwa. Alitabasamu. Cha kwake kilikuwa hivyo hivyo, tangu kuzaliwa, na kilimsumbua kwenye kila kiatu. Angeweza kukinyoosha kwa dakika moja. Akakiacha.

"Mungu aibariki hii mikono," alisema Zabron alipoona. Akamsogelea sana, na pumzi yake ilinuka karafuu. "Wewe ndiye daktari. Mimi muuza maji tu."

Alisema kwa utani, na Shaban akacheka, na Tuntufye akatoka nje akatema mate.

*

Mwalimu wa chuo aliyekuja kumkagua aliitwa Dokta Fortunata. Alipita haraka kwenye wachungaji, akapita kwenye marehemu, akasimama kwenye mguu.

"Hii umeipata wapi?"

"Nimetengeneza mwenyewe, Dokta. Ile ya kushoto ndiyo halisi. Ya kulia ni kazi yangu."

Dokta Fortunata akavua miwani, akaivaa tena. Akasogea mpaka pua ikakaribia karatasi. "Hii ngozi inapumua," alisema polepole. "Unajua wanafunzi wangu wangapi wanashindwa ngozi? Wanatoa plastiki. Na hiki kidole! Umefanya uamuzi mzuri sana kukiacha. Mtu mwongo angekinyoosha."

"Asante, Dokta."

"Kwenye maonyesho ya kumalizia chuo, hili bango liweke mbele kabisa. Mimi nitawaleta watu waje walione."

Hakuuliza kilichomo kwenye chupa. Labda alidhani ni dawa kweli, au labda kwa msomi wa picha chupa ni umbo tu. Tuntufye alisubiri aulizwe, akiwa amejiandaa kusema yote, na alipoona haulizwi alishukuru. Jioni ile alitembea hadi chumbani akiwa na furaha kifuani, nzito na tamu, na alipoitambua kuwa ni furaha alijichukia.

Baada ya hapo mguu ukawa kila mahali. Ulibandikwa kwenye nguzo za umeme kutoka mpakani hadi Vwawa na kuendelea, kwenye milango ya vibanda, kwenye choo cha stendi. KABLA upande mmoja, BAADA upande mwingine. Gari la Zabron lilipita na kipaza sauti kikipiga kelele mpaka mbwa wakajibu. Watu walisimama mbele ya picha wakashika midomo yao kama alivyotaka, kisha macho yao yakahamia kulia, na mikono ikashuka.

*

Jumamosi moja baba yake alipiga simu kutoka Iyula. "Wewe uko karibu," alisema. "Nenda Nanyala ukamtazame shangazi yako Marta. Kila nikitaka kwenda anasema nisubiri, anaumwa mguu kidogo. Mimi simwelewi."

Tuntufye aliona aibu kabla hata hajakata simu. Shangazi Marta ndiye aliyemlea alipokuwa sekondari. Alikuwa akikaanga maandazi kando ya barabara kuu, na asubuhi alimfungia ya moto kwenye gazeti, akimsindikiza kwa sauti mpaka aone amevuka salama. Tangu aende chuo, Tuntufye alikuwa amemwahidi kila likizo kwamba atafika, na kila likizo aliishia Iyula, akala, akalala, akarudi. Alichukua begi lake pamoja na laptopu, maana chumba chake cha kupanga hakikuwa na kitasa cha kuaminika, akapanda gari la Mbeya na kushuka Nanyala mchana.

Harufu ilimpokea kabla ya mtu. Ilikuwa tamu mwanzoni, kama ndizi zilizosahaulika kabatini, kisha ikawa kitu kingine. Meza ya maandazi ilikuwa imegeuzwa juu chini uani, miguu hewani, kuku wamelala ndani yake.

"Hodi."

"Karibu, mwanangu! Nimeijua sauti! Ingia, ingia, mimi siwezi kusimama."

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Ee Bwana, umekuwa mwembamba. Huko chuo hawawapi chakula?"

Alikuwa ameketi kwenye kochi, mguu wa kushoto umepumzishwa juu ya kigoda na kufunikwa khanga. Uso wake ulikuwa umepungua mpaka masikio yakaonekana makubwa, lakini macho yalicheka. Ukutani, kando ya kalenda ya kanisa, palikuwa na bango. KABLA. BAADA. Lilikuwa limebandikwa kwa uangalifu, pembe zote nne, na mtu alikuwa amelifuta vumbi.

"Kumbe na wewe umelipata," alisema Tuntufye, na sauti yake ikatoka nyembamba.

Shangazi Marta aliangua kicheko cha mtu aliyesubiri kuulizwa. "Nimelipata? Mwanangu, ule mguu ni wangu! Tazama kidole. Ukoo mzima tunacho hicho kidole, baba yako anacho, wewe unacho. Mtaalamu Zabron alikuja mwenyewe, akanipiga picha hapa hapa nilipokaa. Dawa ananipa bure, nisimwambie mtu."

Akaivuta khanga pembeni, kwa fahari. "Njoo uone unavyokauka."

Tuntufye alikitambua. Alikijua kidonda kile kuliko alivyoujua uso wa mtu yeyote duniani. Alijua ghuba yake ya upande wa ndani na rasi ndogo iliyoingia katikati, alijua mahali ambapo weusi ulianza. Ila sasa ghuba ilikuwa imeimeza rasi. Kilikuwa kimepanda kuelekea kwenye goti, na juu yake kulikuwa na utando wa kahawia wa dawa, umepasuka kama matope ya kiangazi, na chini ya utando kitu kilikuwa kikisogea.

"Kliniki wanasemaje?" aliuliza.

"Nimeacha. Vya ugonjwa wa sukari walinipa vidonge, navyo nameza nikikumbuka. Lakini yule nesi kazi yake kukwangua tu, kila nikienda anakwangua, mpaka nalia kama mtoto. Mwisho akasema niandae moyo, wanaweza kuukata." Alipiga paja lake taratibu. "Wanikate kwa nini, na picha imeshaonyesha?"

"Imeonyesha nini, shangazi?"

"Wewe si ndiye msomi! Zamani nilipoanguka, hospitali walinipiga picha ya mkono, nikaona mfupa wangu mwenyewe, wakati kwa nje kulikuwa na nyama. Mashine inaona ambacho jicho halioni. Sasa hii ya Mtaalamu nayo imeiona ngozi. Iko chini inakuja. Imeiona mpaka kovu litakavyokaa." Aliligeukia bango, na sauti yake ikawa ya mtu aliye kanisani. "Kila asubuhi naliangalia. Maumivu yanapungua, nakuapia."

Tuntufye aliomba radhi, akatoka, akatapika nyuma ya nyumba, kwenye migomba. Alitapika mpaka pakabaki maji machungu. Malori yalikuwa yakipita barabarani yakipiga honi, na alitamani moja limchukue, lolote, hata la kwenda Kongo. Kisha akajifuta mdomo, akarudi ndani.

"Shangazi, ile ngozi nimeichora mimi."

"Umeichora?"

"Kwenye kompyuta. Zabron alileta picha ya kidonda peke yake. Ya baada hakuwa nayo. Nikamtengenezea."

Shangazi Marta alimtazama kwa huruma, kama mtu anayemsikiliza mgonjwa wa malaria. "Ngozi haichorwi, mwanangu. Mimi naijua picha ya kuchora. Ile ina vinyweleo."

Basi akatoa laptopu begini, akaiweka juu ya mapaja ya shangazi yake, akaifungua ile kazi. Mguu ukaja, mzima, unang'aa. Shangazi akavuta pumzi ya furaha, kwa kuwa kwenye kioo ulikuwa mzuri kuliko kwenye karatasi. Tuntufye aliacha mkono ueleze. Akabonyeza: mng'ao ukatoka kwenye mfupa. Akabonyeza: kovu likatoka. Akabonyeza tena na tena, na ngozi ikaanza kung'oka vipande vipande kwa mpangilio ule ule aliouweka. Njano ikachungulia, kisha nyekundu, kisha nzi mmoja, kisha wa pili, mpaka kidonda chote kikawa wazi.

Nzi wa kweli alitua juu ya kioo.

"Rudisha," alisema Shangazi Marta.

"Shangazi..."

"Nimesema rudisha."

Akarudisha. Ngozi ikafunga. Shangazi aliinua mkono akaugusa ule mguu wa kwenye kioo kwa ncha za vidole, kuanzia goti, akateremka polepole mpaka chini.

"Toa."

Akatoa.

"Hii kazi ulitumwa na Zabron," alisema shangazi. Hakuwa akilia. Afadhali angelia.

"Ndiyo."

"Na hiki kidole? Zabron alikwambia ukiache?"

Tuntufye alisikia masikio yake yakiwaka moto. "Hapana. Hicho nilikiacha mwenyewe."

"Kwa nini?"

"Kilifanana na changu."

Shangazi Marta aliinama kidogo, akatazama sakafuni, kwenye ndala za binti wa kaka yake, ambako kidole cha mwisho kilikuwa kimepanda juu ya mwenzake.

"Kwa hiyo ulikiona."

"Nilikiona."

"Ukaendelea."

"Nikaendelea, shangazi."

Shangazi akaifunga laptopu kwa mikono yote miwili, akaisukuma pembeni ya kochi. "Chemsha maji," alisema. "Tia chumvi. Halafu njoo uniondolee huu uchafu, siendi kwa yule nesi nikiwa hivi. Hapa huna cha kubonyeza."

Alichemsha maji. Alipiga magoti mbele ya kigoda, akalowanisha kitambaa, akaanza kwenye kingo. Utando wa kahawia ulitoka kwa mapande na kunata kwenye vidole vyake. Chini yake palikuwa na kitu cheupe, kikajikunja kilipoguswa na maji ya moto, kisha kingine, na kingine, na ilibidi avitoe kwa mkono kwa sababu viliteleza kwenye kitambaa. Shangazi alishika ukingo wa kochi na hakutoa sauti hata moja, na hilo lilikuwa baya kuliko yote, kwani kwa nesi alilia. Alipomaliza beseni lilikuwa na rangi ambayo Tuntufye, aliyefundishwa majina ya rangi zote, hakulijua jina lake wala hakutaka kulijua.

"Zabron nitamtaja," alisema, bado amepiga magoti. "Kwa kila mtu. Na mimi nitajitaja."

"Kwanza niite bajaji," alisema shangazi.

Bajaji iliyokubali kwenda mpaka hospitalini ilikuwa ya kijana mwenye kofia ya sufu, Brayan, ambaye mara tu walipoingia alifunika pua kwa kola ya jaketi na kukaa mbele kabisa ya kiti chake. Hapakuwa na nafasi ya kunyoosha mguu. Shangazi Marta alijaribu kuukunja, akashindwa, na Tuntufye akaubeba akauweka juu ya mapaja yake mwenyewe, akiwa ameufunga khanga safi. Ndani ya muda mfupi khanga ililowa. Unyevu ukapita, ukaifikia sketi yake, ukaifikia ngozi, na ulikuwa wa vuguvugu. Hakusogea.

Barabarani nguzo zilipita, na kwenye kila nguzo mguu. KABLA. BAADA. Jua la jioni liliupiga ule wa kulia ukang'aa pale pale alipouwekea mng'ao.

Brayan aligeuza kichwa, kola bado puani. Alikuwa kijana mwema, na ilionekana kwamba alikuwa ameanza kuona haya kwa kufunika pua mbele ya mtu mzima.

"Mama, samahani kuingilia," alisema. "Huo mguu kwa nini mnausumbua na hospitali? Dawa si hiyo hapo kwenye nguzo? Yule wa kwenye picha alikuwa vibaya kuliko wewe. Kapona kabisa."

"Namfahamu," alisema Shangazi Marta.

"Kweli? Yuko huku huku?"

"Huku huku."

"Sasa anaendeleaje?"

Shangazi alikuwa ametazama nje, na kila nguzo ilipokuja aligeuza shingo kidogo kuifuata mpaka ikapotea nyuma. Brayan akasubiri, akaona hajibiwi, akarudisha macho barabarani na kuongeza mwendo.